Sweta la Noah

Aroni Mhongole alikuwa mwoga, na tuliseme hilo mapema ili asije mtu akadhani tunamsengenya. Hakuogopa mbwa, hakuogopa trafiki, wala hakumwogopa mke wake kupita kile kiasi cha kawaida cha mwanaume aliyeoa. Aliogopa taa. Siyo zile kubwa za mbele ya gari. Aliogopa zile ndogo za kwenye dashibodi, za rangi rangi, ambazo madereva wengine huziona kama mapambo ya keki.

Kila asubuhi pale kwake Mbeya, akizungusha ufunguo wa Noah yake, taa zote huwaka kwa pamoja, kama ilivyo kawaida ya gari linapojikagua. Kisha anawasha injini, anaweka mikono magotini, na kuzitazama zikizima moja moja. Ya betri. Ya oili. Ya injini. Ya mwisho kabisa ni ile ya bluu, inayosema injini bado ina baridi. Abiria akinung'unika kwamba wanachelewa, Aroni humjibu bila kugeuka, "Waache waage kwanza."

Usimcheke bado. Baba yake, mzee Abrahamu wa Kihesa kule Iringa, alikuwa dereva wa lori la magogo, akibeba misonobari kupeleka kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Siku moja ya likizo Aroni alikuwa amekaa pembeni yake, bado mwanafunzi, ilipowaka taa nyekundu. Mzee aliigonga kwa kidole mara mbili tatu. Taa haikuzima. Akasema hii nayo ina umbea, akatoa plasta ya kidonda kwenye mfuko wa shati, akaibandika juu yake, wakaendelea na safari. Kwenye mteremko uliofuata injini ilikamata, ikafa hapo hapo. Usukani ukawa mgumu, breki zikawa ngumu, na magogo yakaja mbele. Aroni alitokea dirishani na mkwaruzo wa paji la uso. Mzee Abrahamu walimzika Kihesa siku ya tatu yake, na plasta ile, wanasema waliokwenda kulivuta lori, ilikuwa bado imeshika vizuri.

Basi kama wewe ungekuwa jasiri baada ya hapo, hongera sana.

Mtu mmoja tu alithubutu kumtania kwa jambo hilo, naye alikuwa na kibali cha kumtania. Asukile Mwaisaka, Mnyakyusa, alikuwa amemwoa Yusta, dada yake Aroni, na alikuwa mchimbaji wa dhahabu Makongolosi. Huyu ni mtu anayeshuka shimoni kwa kamba huku anapiga mluzi. Akimpigia Aroni simu hamwamkii. Anauliza tu, "Gwe shemeji, taa zimelalaje leo?"

Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mwezi wa Julai haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuoga huko. Aroni alikuwa anampelekea dada yake viazi na maharage. Barabara ya kwenda Chunya hupanda kwanza mlima hadi Kawetere, kwenye ukungu, ndipo ishuke kwenye joto la upande wa pili. Kule kwao Iringa na Mafinga madereva wana desturi yao: baridi ikizidi, wanakata boksi na kulipachika mbele ya rejeta, ili upepo usiipoze injini kupita kiasi. Wenyewe wanaita kulivisha gari sweta. Mwenye akili anaweka nusu, na anajua pa kulivua. Aroni alikuwa ameona taa ya bluu imekawia kuzima asubuhi ile, akaingiwa na hofu, akachukua boksi zima la televisheni, akalipachika, na kulifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi kwa mafundo ambayo hata ng'ombe asingeyakata.

Taa ya bluu ikazima. Aroni akapanda, akavuka Kawetere, akashuka Chunya hadi Makongolosi kwa raha zake. Gari linaloteremka halisumbui, na mtu asiyesumbuliwa husahau. Jua la Makongolosi lilimchoma kisogoni. Akavua koti lake. La gari hakulikumbuka.

Alikuta watu wamejaa uani kwa dada yake. Asukile alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, mguu wa kulia umenyooshwa mbele kama vile si wake. Alikuwa amekwenda kuchukua kuni, akakanyaga kifutu, lile joka fupi nene linalolala kama kipande cha gogo. Muuguzi wa zahanati ya jirani alishafika. Alikuwa amewakataza wasiufunge mguu kamba, wasiuchanje, wala wasimtembeze.

"Dawa ya sumu hii haipo hapa, ipo Mbeya," alimwambia Yusta. "Gari la wagonjwa limeshaondoka na mama mjamzito. Awahi. Mguu utulie, na asiache kupumua vizuri."

Watu wote wakageuka kuitazama Noah.

Viazi vilimwagwa pale pale mlangoni. Wakamlaza Asukile kwenye viti vya nyuma, Yusta akaketi naye, ameushika ule mguu kama mtoto mchanga, na dumu la maji ya kunywa miguuni pake. Aroni akawasha gari. Na kwa mazoea, Mungu amsamehe, akaweka mikono magotini.

"Usiwaharakishe, shemeji," Asukile akasema kutoka nyuma, meno yameumana. "Waache waage vizuri. Sumu yangu mimi ina subira."

Aroni akakanyaga mafuta.

Mpaka Chunya mdomo wa Asukile haukupumzika, na Aroni aliushukuru moyoni ingawa alikuwa anachomwa. Asukile alisema angependa kufika Mbeya kabla hajazeeka. Akasema kama nyoka yule angejua dereva ni nani, angemwuma kidogo tu, kwa huruma. Yusta alimwambia anyamaze atunze nguvu, naye akajibu kwamba akinyamaza shemeji atasinzia. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi imevutika inang'aa. Alitapika mara moja kwenye kanga ya Yusta, akaomba radhi kwa kanga.

Walipoipita Chalangwa barabara ikaanza kupanda. Hapo ndipo taa nyekundu ya joto ilipofumba na kufumbua.

Kwanza kama inakonyeza. Kisha ikawaka na kubaki inawaka.

Pale ilipokuwa taa Aroni aliona plasta, ya rangi ya ngozi, yenye vitundu vidogo. Akisimama, sumu inapanda. Asiposimama, injini itakamata mlimani, na hakuhitaji mtu wa kumweleza kinachofuata. Alipunguza mwendo. Akaongeza. Akapunguza tena.

"Kaka, kuna nini?" Yusta aliuliza.

"Hakuna."

"Mbona unahema hivyo?"

"Ni mlima."

"Mlima linapanda gari, wewe umekaa."

Alikuwa anaongea na taa, midomo inacheza bila sauti, anaiomba kama mtu anavyomwomba mlevi arudishe kisu mezani. Na ile taa ikamsikia. Kwenye kona moja hivi, bado wanapanda, jua bado kali, ikazima.

Aroni aliona kama ametolewa jiwe kifuani. Akacheka peke yake. Na nyuma nako kulikuwa kumetulia, hakuna tena kebehi.

"Shemeji kalala?" aliuliza.

"Kalala," alisema Yusta. "Afadhali apumzike."

Haukupita muda, zikawaka nyingine mbili. Ile nyekundu yenye picha ya betri ikawa inawaka na kuzima, na ile ya njano yenye picha ya injini ikawaka na kuganda. Aroni akaegesha pembeni, injini inanguruma kwa sauti kavu asiyoizoea, akampigia mtu pekee anayemwamini kwa habari za taa: fundi Marcelino wa Kihesa, aliyekuwa utingo wa mzee Abrahamu kabla hajashika spana, na ambaye siku ile ya magogo alikuwa nyumbani na homa.

"Kamwene, mwanangu. Sauti yako leo haina damu."

Aroni akamweleza, kwa kurukaruka, mgonjwa, mlima, taa ya joto iliyowaka ikazima, taa ya betri, taa ya njano.

"Subiri. Ile nyekundu ya joto, ilizimaje? Ulisimama ikapoa?"

"Hapana, fundi. Ilizima yenyewe, tunapanda."

Aroni alisikia nyundo ikiwekwa chini kule Iringa.

"Fungulia hita. Joto la mwisho. Weka mkono, uniambie."

Aroni akafungulia, akaweka kiganja. "Inatoa baridi."

"Zima gari."

"Fundi, nikizima halafu likikataa—"

"Zima, Aroni."

Akazima. Injini ilikuwa inalia tik, tik, kama mabati wakati jua linazama.

"Nisikilize vizuri," Marcelino akasema, sasa kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha Aroni zaidi. "Kile kidude kinachopima joto kinakaa ndani ya maji. Maji yakiisha, hakina cha kupima, kinasema kila kitu salama. Hita nayo hupata joto lake kwenye maji hayo hayo. Huna maji. Taa inayowaka inakusemesha, mwanangu. Ile inayozima bila kupewa sababu ndiyo ya kuogopa."

Aroni alibaki ameshika simu. Akageuka polepole.

"Yusta. Huyu mara ya mwisho kunisema ilikuwa wapi?"

Yusta akafikiri. Uso wake ukabadilika. "Tangu Chalangwa," alisema.

Aroni alitoka mbio, akafungua mlango wa pembeni. Uso wa Asukile ulikuwa na rangi ya majivu, midomo mikavu, na ufizi una damu kidogo. Alipoushika mkono ulikuwa baridi na umelowa. Pumzi zilikuwepo, ila fupi fupi, kama mtu anayepima maji kwa kidole.

"Asukile. Shemeji. Amka unitukane."

Jicho moja likafunguka nusu.

"Fundi yuko kwenye simu," Yusta alisema. "Nenda kwenye gari. Huyu niachie."

Gari la kumwokoa halikuwepo. Yaliyopita yote yalikuwa yanashuka kwenda Chunya, na pikipiki moja iliyokuwa inapanda ilikuwa na magunia ya mkaa hadi juu ya kichwa cha dereva. Aroni akafungua boneti. Mvuke ulimpiga usoni pamoja na harufu tamu ya maji ya rejeta na, chini yake, harufu nyingine, ya karatasi iliyopikwa.

"Mwanangu," sauti ya Marcelino ikatoka kwenye simu, taratibu, "kwani sweta ulilivulia wapi?"

Aroni alizunguka mbele ya gari. Boksi lilikuwepo, zima, limefungwa vizuri, picha ya televisheni imegeukia nje. Alisimama akiitazama. Yule aliyeogopa taa ya bluu ndiye aliyeiwasha nyekundu. Siyo barabara, siyo nyoka, siyo Noah. Akashika boneti kwa mkono mtupu, akaungua, na hata kuungua akakuona ni haki yake.

"Lipo," alisema mwishowe.

"Basi livue, utalia baadaye. Angalia mpira wa juu wa rejeta."

Aroni akayakata mafundo, akalitupa boksi. Mpira ulikuwa umepasuka mdomoni, pale unapobanwa na kleva, ile pete ya chuma ya kukazia. Marcelino alimwambia akate ile sehemu mbovu kwa kisu, auvute, aubane tena. Lakini kwanza injini ipoe. Asiguse kifuniko cha rejeta, asimwage maji baridi kwenye chuma cha moto, kwani kitapasuka kama glasi, na safari itaishia hapo.

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka uweze kuweka mkono juu yake kama unamshika mtoto kichwani."

Hapo ndipo hofu ilipomkalisha Aroni Mhongole na kumfundisha adabu. Kufanya kazi na huku unaogopa, hata mimi na wewe tunaweza. Yeye aliambiwa asifanye kitu. Akasimama kati ya vitu viwili, injini inayotakiwa kupoa na mtu asiyetakiwa kupoa, na hakuna kimoja kilichomtii. Aligusa chuma, cha moto. Aligusa mkono wa Asukile, baridi. Akarudi kwenye chuma.

Yusta aliita, "Kaka, anafumba tena."

Aroni akapanda ndani, akapiga magoti sakafuni mwa gari.

"Shemeji, nisikie. Nimefanya ujinga. Nimeliacha sweta."

Akamtikisa bega.

"Nimeliacha sweta la gari toka Mbeya. Jua lote lile la Makongolosi, Noah imevaa sweta."

Kope zikacheza. Sauti ikatoka kama kamba inayoburuzwa. "Nusu?"

"Zima. Boksi la televisheni."

Asukile akavuta pumzi moja, ya pili, kama mtu anayejitwisha mzigo. "Inchi ngapi?"

"Hamsini."

Kifua cha Asukile kikatikisika. Yusta alidhani ndiyo mwisho, akaanza kuomba kwa Kihehe. Lakini alikuwa anacheka, kidogo, bila hewa, machozi yanamtoka.

"Gwe shemeji," alisema. "Nyoka... kasingiziwa tu. Mwuaji wewe."

"Ndiyo. Endelea."

"Niache... nipumzike."

"Hakuna kupumzika. Yusta, akinyamaza mfinye."

Mkono ulipoweza kukaa juu ya rejeta, Aroni alikata mpira, akauvuta, akaubana hadi kleva ikalia. Akamimina maji ya dumu taratibu, yakamezwa, akamimina tena. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakitazama kwa jicho moja akiogopa kutumia yote mawili. Kama ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwenye oili na injini imekwisha. Ilikuwa nyeusi. Hajawahi kupenda uchafu kiasi kile.

"Washa sasa," Marcelino akasema. "Hita iache wazi. Ikitoa joto, maji yanatembea. Ya betri je?"

"Inawaka... belti inapiga kelele, fundi."

"Imelowa maji ya rejeta. Belti hiyo ndiyo inazungusha pampu ya maji pia. Ikikauka, taa itazima na kelele itaisha. Isipozima, usisogee."

Walisubiri. Belti ililia kama mbuzi aliyefungwa vibaya, ikapunguza, ikanyamaza. Picha ya betri ikapotea. Kwenye hita, hewa ikawa vuguvugu, kisha moto.

"Imebaki ya njano," Aroni alisema. "Haitaki kuaga."

"Hiyo imeshaandika kwamba gari lilichemka, na haifuti mpaka Huzefa, fundi umeme wa magari pale Mbeya, aisome kwa mashine yake. Mwache mbea aseme. Endesha."

Tangu magogo yale Aroni hakuwa ameondoa gari huku taa ikiwaka, hata mara moja. Mguu ulikataa. Aliuangalia, akauambia, ukakataa. Nyuma Asukile akafinywa, akasema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya kisima, "Wanaagana... bado?"

Mguu ukakubali.

Wakapanda Kawetere kwenye ukungu, hita inawachoma, vioo vimejaa jasho, na Aroni anaendesha kwa mkono mmoja, kiganja cha pili kipo kwenye tundu la hita kama mtu anayemshika mgonjwa mapigo. Sikio lilikuwa nyuma. Joto likitoka na tusi likitoka, waliendelea. Tusi likichelewa, Aroni alisema, "Yusta," na Yusta akafinya. Hakuna matusi yaliyowahi kusubiriwa kwa mapenzi kiasi kile katika mkoa mzima.

Kwenye kilele barabara ikainama, na Mbeya ikaonekana chini kupitia ukungu. Mteremko. Aroni aliyajua yote: injini ikizima hapa, breki zitakuwa ngumu, usukani utakuwa jiwe. Akaweka gia ya chini. Kiganja chake kilikuwa kwenye joto. Kona ya kwanza, ya pili.

"Asukile," aliita.

Kimya.

"Yusta, mfinye."

"Namfinya, kaka." Yusta alikuwa analia. "Namfinya."

Hita bado ilikuwa na moto. Upande ule gari lilikuwa hai, upande huu hakujua. Basi mwoga yule, ambaye watoto wa baiskeli walikuwa wanampita, alishuka mlima ule kwa namna ambayo hatujapata kumwona nayo tena, honi mkononi, taa ya njano usoni, akiomba kwa sauti, akimwahidi Mungu vitu ambavyo hata hana.

Hospitali ya rufaa walimpokea mgonjwa kwa machela kabla Noah haijasimama vizuri. Yusta akakimbia nao. Aroni akabaki kwenye gari, injini inawaka. Mlinzi alikuja akamwambia azime, akamkuta mtu amekaa na kiganja kwenye hita, jasho linamtiririka na meno yanagongana, akaona heri aende kumwamuru mtu mwingine.

Alikaa hivyo mpaka kivuli cha jengo kikalifikia gari. Ndipo Yusta akatokea mlangoni, kanga yake imechafuka, anatembea polepole. Aroni aliutafuta uso wake, akashindwa kuusoma. Akateremsha kioo.

"Wamempa dawa," alisema Yusta. "Wanasema huenda vidole vya mguu vikaondoka. Pumzi imerudi."

"Ameongea?"

"Ameongea."

"Amesema nini?"

Yusta akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ameuliza, kama boksi umelivalisha gari, televisheni yenyewe unaivalisha nini."

Aroni akautoa mkono kwenye hita, akazima gari. Ile ya njano ikapotea pamoja na zingine, na yeye hakuitazama.

"Unalia nini sasa?" Yusta aliuliza.

"Si kilio," alisema Aroni. "Hita imeniingia machoni."